Mnaokuja Mwanza kula sikukuu kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kitandani, njooni na zamu zenu

Mkamwana wa Buhongwa
16 Desemba, saa 4:50 usiku

Wakuu, salaam. Naandika mapema kabla mabasi hayajaanza kumwaga watu Nyegezi na Nyamhongolo, maana wakishafika mimi nitakuwa jikoni na simu nitaisikia tu ikilia.

Tunamuuguza baba mkwe. Saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, miguu haina kazi tena. Hospitali ya Bugando walimpa mionzi ya kupunguza maumivu, kisha wakatuweka chini na kutueleza bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kumweka msafi, kumpa chakula anachokitaka, kukaa naye. Yule daktari namshukuru, hakutuuzia matumaini. Mume wangu yuko mgodini upande wa Geita, anaingia na kutoka kwa shifti. Kwa hiyo muda mwingi ni mimi, kijana wangu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, na binti wa kazi.

Sasa kundi la WhatsApp la ukoo limechangamka. Shemeji mkubwa anatoka Dar na familia yake, wifi anatoka Arusha, mdogo wao anatoka Kahama, na wengine wanavuka kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwao mzee. Wote wanakuja "kumwona mzee". Kinachojadiliwa huko ni mbuzi anunuliwe Magu au Misungwi, na kitambaa cha sare kwa ajili ya picha ya pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza usiku nani anaamka.

Mzee anatumia mofini ya maji kila baada ya saa nne. Saa 4 usiku anapewa dozi mara mbili, kama daktari alivyoandika, ili asiamshwe kwa ajili ya dawa. Lakini kugeuzwa lazima ageuzwe kila saa mbili, la sivyo mgongo unachubuka. Kuna mfuko wa mkojo wa kumwaga. Kuna saa anaamka tu anataka mtu amjibu.

Halafu mimi ni mkamwana. Baba mkwe simwogeshi. Kinyaa sina, ila heshima ipo, na yeye mwenyewe nikipita akiwa amefunuliwa anageuza uso ukutani. Kuoga kwake kunamsubiri mume wangu arudi, au kijana wangu, ambaye kwa kubadilisha pampasi sasa hivi anawashinda wanaume wote wa ukoo huu.

Ombi langu, kwa ukoo wangu na koo zenu zinazopanga safari: kila mtu mzima anayekuja achukue usiku wake. Wanaume wachukue kuogesha. Asiyeweza kukesha alete hela ya mtu atakayekesha. Na kama mnakuja kula tu, lipieni gesti, mje kumsalimia mzee saa 10 jioni mrudi zenu. Najua haya ni maneno makali kutoka kwa mkamwana, ndiyo maana nimeyaleta huku. Nyie mngesemaje?

---

Kijana wa Mwaloni
16 Desemba, saa 5:15 usiku

Pole sana shem. Maneno ni ya kweli ila usiyaseme wewe. Mkamwana akisema hivyo, inageuka kuwa "amemchoka mzee wetu", na itasemwa mpaka kwenye matanga. Mwambie mume wako aandike kwa jina lake, tena sasa hivi kabla watu hawajakata tiketi.

Kwetu Igogo bibi alipokuwa kitandani tulibandika karatasi ya manila mlangoni kwake: majina na saa za zamu. Aliyefika na begi alisomeshwa manila kabla hajapewa chai. Mjomba mmoja alinuna, ila zamu yake aliifanya.

---

Natoka Dar
17 Desemba, saa 1:30 asubuhi

Mimi ndiye huyo shemeji. Si wako, lakini ni mimi.

Kutoka Dar mpaka huko ni zaidi ya kilomita 1,100. Treni ya SGR inaniishia Dodoma, pale nianze kugombania basi na mizigo na watoto. Mwaka mzima natuma hela ya dawa na hakuna aliyewahi kunifungulia uzi wa kunishukuru. Nikifika nina likizo ya siku chache, na watoto wanaomjua babu yao kwa picha tu. Nataka kukaa na baba yangu, nyie mnataka kunisomesha manila!

Halafu kuna kitu hamkisemi. Wengine tunaogopa. Tangu nizaliwe sijawahi kumshika baba yangu mwilini zaidi ya kumpa mkono. Sijui nianzie wapi.

---

Mkamwana wa Buhongwa
17 Desemba, saa 2:10 asubuhi

Mkuu, umemaliza vizuri kuliko ulivyoanza.

Hela ni kweli. Pampasi za wakubwa ni za kununua, na shemeji wa Dar ndiye anayezilipia. Ila hela haimgeuzi mtu saa 8 usiku. Na hilo la kutojua uanzie wapi ndilo ninalolitafuta. Kijana wangu naye hakujua. Siku ya kwanza alitoka chumbani anatapika, akanawa, akarudi.

Kuna nesi humu anaweza kutusaidia?

---

Nesi Mstaafu
17 Desemba, saa 6:05 mchana

Nipo. Nimezeekea wodini, sasa nalima bustani Kisesa. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza kalenda. Mwaka huu wa 2025 tarehe 25 ni Alhamisi na tarehe 26 ni Ijumaa, zote sikukuu, halafu inafuata Jumamosi na Jumapili. Siku nne kliniki nyingi zitakuwa zimefungwa. Kapimeni chupa ya mofini leo. Kama haifiki Jumatatu ya tarehe 29, mtu aende kabla ya mkesha wa Krismasi akaongezewe. Hii haiuzwi duka la dawa la mtaani. Bila karatasi ya daktari utazunguka Mwanza nzima. Chupa ikae pasipo na jua, mbali na watoto. Nyumba yenye watu ishirini ina watoto wengi, na mofini ya maji mtoto anaweza kudhani ni juisi. Ifungieni kabatini, ufunguo awe nao mtu mmoja. Pimeni kwa bomba lisilo na sindano. Kijiko cha chai kila nyumba kina ukubwa wake.

Mofini inafunga choo. Kichefuchefu na usingizi mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo inakwenda sambamba nayo tangu siku ya kwanza. Nimeona wagonjwa wanalia tumbo, ndugu wanasema ugonjwa umefika tumboni, kumbe choo kimekaa wiki.

Sasa kuogesha, kwa yule wa Dar na wote wanaoogopa. Mgonjwa hafunuliwi mwili mzima. Mfunike shuka au kitenge, kisha funua sehemu moja: uso, kausha, funika, mkono, kausha, funika. Maji ya vuguvugu, vitambaa viwili, cha sehemu za siri kiwe peke yake na kiwe cha mwisho. Mwambie kila unachofanya kabla hujakifanya: "Baba, sasa nashika mguu wa kushoto." Hata akiwa amesinzia, mwambie. Woga unaisha ukifika kwenye bega la pili, utaona.

Kugeuza kunataka watu wawili na shuka iliyokunjwa chini yake. Mnamvuta kwa shuka, hamumkokoti kwa makwapa, hasa huyu ambaye mifupa yake imeliwa na saratani. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mmoja katikati ya magoti, na visigino vining'inie visiguse godoro. Angalieni nyonga, visigino na pale juu kidogo ya mpasuko wa makalio. Wekundu au weusi usioondoka ukibonyeza kwa kidole ndio kidonda kinachokuja.

Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu siku zote, hata mnapomhamisha. Ukiona masaa yanapita mfuko mkavu na tumbo la chini limejaa na linauma, mpira wa mkojo umeziba. Hiyo hospitali ni leo, hata kama ni Krismasi yenyewe na mbuzi yuko jikoni.

Na msimshindilie chakula. Nitarudi kwenye hilo, najua mtalileta.

---

Bint Kirumba
17 Desemba, saa 9:20 alasiri

Sisi wengine Krismasi si yetu, lakini likizo na nauli ni zile zile, kwa hiyo hata wageni wetu Waislamu hushuka Desemba.

Nilimuuguza mama. Kilichotuokoa si ndugu, ni akina mama wa kikundi cha kuzikana cha mtaa. Kawaida kikundi kinasubiri mtu afe. Mwenyekiti wetu akasema, tunasubiri nini wakati mtu tunamwona? Wakagawana: mmoja anafua shuka, mwingine anakuja baada ya Adhuhuri nilale, mwingine analeta uji. Mkamwana, angalieni na majirani zenu, si ukoo tu.

Tena wageni mpunguzeni chumbani. Kwa mama walianza kuja kumsomea Yasini kila jioni, chumba kimejaa mpaka hewa hamna. Siku moja mama akafumbua macho akauliza, "Mbona kila siku? Nimeshakufa sijaambiwa?" Watu walicheka mpaka shekhe. Baada ya hapo wakawa wanakuja wawili wawili.

---

Mchimbaji
17 Desemba, saa 11:00 jioni

Kuna mzee huku kwetu anatibu tezi dume kwa mizizi, wengi wamepona. Njoo PM.

---

Nesi Mstaafu
17 Desemba, saa 11:12 jioni

Mchimbaji, tezi dume kuvimba kwa uzee na saratani ya tezi dume ni vitu viwili. Wengi "wanaopona" walikuwa na hiyo ya kwanza. Huyu mzee saratani iko kwenye mifupa. Waache watu wanunue pampasi.

---

Mzee wa Sengerema
18 Desemba, saa 3:40 asubuhi

Naomba niwaambie wageni jambo moja. Mkifika mtakaa chini ya mwembe, chai itakuja, na kabla chai haijaisha mtaanza kupanga mazishi. Nani atakuwa mwenyekiti wa kamati, jeneza litoke wapi, azikwe huku au kwao. Dirisha la mgonjwa liko wazi. Anasikia kila neno. Kwa kaka yangu ilikuwa hivyo, na akaita kijana akamwambia, "Waambie jeneza la mninga ni ghali, wachukue la kawaida." Watu wazima walitazama chini.

Mkitaka kupanga, nendeni mbali na dirisha. Kama mzee bado ana kauli, mkalisheni mchana, saa moja hivi baada ya dawa, akiwa ametulia. Aulizwe yeye: shamba ni la nani, nani anamdai, anamdai nani, anataka kulala wapi. Aandike au aandikiwe wosia mbele ya mashahidi. Sikukuu mna bahati kwamba watoto wote wapo. Wengine tunakusanyika siku ya kaburi ndipo tunaanza kuulizana hati.

Kuhusu safari: sisi wa ng'ambo ya huku tumepumua. Kabla ya Juni 2025 mgonjwa alikuwa anasubiri kivuko pale Kigongo, jua linawaka, foleni ya malori mbele yako. Sasa ni daraja la kilomita 3, dakika chache uko Busisi. Lakini mkamwana umesema kwao ni Nansio. Mmeshaongea hilo?

---

Mkamwana wa Buhongwa
18 Desemba, saa 4:30 usiku

Kwanza taarifa. Mume wangu ameandika kwenye kundi kwa jina lake. Kimya cha nusu siku. Halafu wifi akaandika "tutaona tukifika". Shemeji wa Dar akaandika "sawa" peke yake. Kijana wangu amekwenda kununua manila.

Mzee wa Sengerema, umegusa penyewe. Baba amekuwa akisema anataka kwenda Nansio kabla ya Krismasi. Kila siku. Wa Nansio wanasema aletwe. Mume wangu yuko tayari kumbeba. Mimi naogopa, na nikisema naogopa naonekana namzuia mzee asife kwao.

---

Nesi Mstaafu
19 Desemba, saa 1:00 asubuhi

Kumpeleka mtu akafie kwake si kosa, wengi ndicho wanachotaka. Lakini pimeni. Meli ya Mwanza–Nansio ni masaa majini, na Desemba watu wamebanana mpaka kwenye ngazi. Mkipita barabara ni Bunda, Kisorya, kivuko mpaka Rugezi, halafu tena barabara. Mgongo wa namna hiyo kila tuta ni kisu. Inawezekana: dozi ya dawa kabla ya kuondoka, godoro ndani ya gari, mofini ya kutosha, na barua ya kliniki ili hospitali ya kule ijue anatumia nini. Swali ni huyo wa kumgeuza usiku akifika kule ni nani.

Na kabla ya yote muulizeni anataka kufanya nini Nansio. Msidhani mnajua.

---

Mkamwana wa Buhongwa
20 Desemba, saa 3:15 usiku

Nesi, ubarikiwe. Tumemuuliza.

Kumbe hataki kwenda kufa. Anataka kuangalia mpaka! Kuna jirani wa shamba la mihogo, wana ugomvi wa minyaa iliyopandwa mpakani tangu miaka ya themanini, na baba ana hakika kwamba tangu alale kitandani jirani ameshasogeza. Akishahakikisha, tumrudishe Buhongwa, "huku kuna nesi karibu".

Mtoto wa mdogo wake baba ametumwa kule akiwa na simu. Ametembea mpaka mzima anarekodi, mnyaa hadi mnyaa, na jirani mwenyewe akaingia kwenye video kusalimia. Baba ameitazama, akairudia, akasema ule wa tatu kutoka barabarani si mahali pake. Kesho kijana anarudi na kamba kupima.

Nimecheka na kulia kwa pamoja.

---

Kijana wa Mwaloni
20 Desemba, saa 3:20 usiku

Huyo mzee hafi mpaka minyaa ikae sawa.

---

Mkamwana wa Buhongwa
26 Desemba, saa 10:30 alfajiri

Niko macho, zamu si yangu ila usingizi umekata. Taarifa kwa waliouliza.

Wamekuja wote. Krismasi katekista alimletea baba Komunyo baada ya misa, akapokea kipande kidogo sana na maji. Mbuzi alikuwepo, pilau ilikuwepo, baba alikunywa vijiko viwili vya supu ya sato, akasema inatosha. Picha ya sare ilipigwa kwenye veranda, yeye kwenye kiti cha magurudumu kwa dakika chache, akaomba arudishwe.

Shemeji wa Dar usiku wake wa kwanza aliingia chumbani na viatu, amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Kijana wangu akampa kitambaa. Nilikuwa nje ya mlango, nilimsikia anasema, "Baba, sasa nashika mguu wa kushoto." Sijui kama anasoma uzi huu. Kama unasoma, shemeji, asante. Chai iko kwenye chupa.

Upande wa pili ni vita. Wifi jana mchana aliificha chupa ya mofini. Amesoma mahali kwamba ni dawa ya kulevya, akasema tunamlewesha baba ili alale tupumzike, na kwamba inamuua taratibu. Saa 8 mchana ikapita bila dawa. Kufika saa 10 baba anang'ata shuka. Nilitaka kusema mambo, nikakumbuka mimi ni mkamwana, nikaenda kumwamsha shemeji. Chupa ikarudi. Wifi haongei na mimi, na zamu yake ya leo ameikataa.

---

Nesi Mstaafu
26 Desemba, saa 1:45 asubuhi

Mpe wifi simu asome hapa.

Mwanangu, mofini anayopewa mgonjwa mwenye maumivu, kwa kipimo cha daktari na kwa saa zake, haimuui. Wala haimfanyi teja. Teja anatafuta stimu, baba yako anatafuta kugeuka bila kulia. Inatolewa kwa saa, hata kama kwa wakati huo hajalalamika, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi mara mbili. Ndicho kilichotokea jana. Tukiona mgonjwa amelala zaidi ya kawaida mpaka haamshiki, au anapumua kwa nadra sana, hapo tunapiga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata. Hatufichi chupa.

Nakuelewa lakini. Umetoka Arusha, baba uliyemwacha anatembea umemkuta hivi. Mtu anatafuta wa kumlaumu, na chupa iko karibu.

---

Mama Wawili Nyakato
27 Desemba, saa 2:00 usiku

Samahani naingilia. Shangazi yangu naye yuko kitandani, saratani ya ini. Hajala kitu tangu juzi. Ndugu waliokuja sikukuu wanataka tumpeleke akawekewe dripu, wanasema tunamwacha afe njaa. Miguu imevimba tayari. Nifanyeje?

---

Nesi Mstaafu
27 Desemba, saa 2:40 usiku

Pole mama. Nilijua swali hili litakuja, Desemba huja na wageni.

Mwili unaojiandaa kuondoka haudai chakula. Hafi kwa sababu hali chakula. Hali chakula kwa sababu anakufa. Mkimlazimisha, chakula kinaingia njia ya hewa, anapaliwa, mnamwongezea taabu. Dripu kwa mtu aliyeshavimba miguu mara nyingi maji huenda kwenye uvimbe na mapafuni, anaanza kukoroma na kuhema. Ongeeni na daktari wake, lakini msiende kwa sababu tu wageni wanaona aibu kukaa bila kufanya kitu. Wape kazi: kitambaa safi au pamba, maji kidogo, kulowesha midomo na ulimi kila wakati, mafuta kwenye midomo. Hiyo ndiyo dripu yake sasa.

Na ili msishtuke: atalala zaidi. Mikono na miguu itapoa, rangi inaweza kuwa na mabaka. Pumzi itasimama, itarudi, itasimama. Kunaweza kutokea mkoromo kooni. Wanaosikiliza huumia zaidi kuliko yeye, mlazeni ubavu. Wengine huhangaika, huita watu waliokwisha kufa. Msibishane naye. Kusikia kunadhaniwa kudumu mpaka mwisho, kwa hiyo ongeeni naye, na acheni kuongea juu yake.

---

Bint Kirumba
1 Januari, saa 7:10 usiku

Heri ya mwaka mpya jamani. Hizo fataki za saa 6 zimemshtua mgonjwa wa jirani yangu mpaka amechomoa mpira wa mkojo. Mwakani wenye wagonjwa tukazungumze mapema na wenyeviti wa mitaa. Mkamwana, mzee anaendeleaje?

---

Mkamwana wa Buhongwa
4 Januari, saa 3:30 usiku

Yupo.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisema, nitalisema mimi. Watu walikuja wakiamini atafia mikononi mwao sikukuu hii. Walikuja na nguo nyeusi kwenye mabegi, niliziona wakati wa kufua. Tarehe 2 likizo zikaanza kuisha, mzee anakunywa uji na anauliza habari za mnyaa wa tatu. Mdogo wa Kahama alimuuliza mume wangu barazani, "Sasa tufanyeje?" Hakuwa na ubaya. Alimaanisha nauli, ruhusa ya kazini, watoto wanafungua shule. Lakini sote tulisikia swali lenyewe.

Leo Nyamhongolo nimewasindikiza wa mwisho. Wifi tulipatana kimyakimya: usiku wa tarehe 30 nilimkuta ameketi na saa mkononi anasubiri ifike saa 4 ampe baba dozi, hataki ichelewe hata dakika. Hatujaongelea lile. Ameniachia kanga.

Manila bado iko mlangoni, majina yote yamefutwa isipokuwa mawili. Kwa hiyo leo jioni mume wangu ameandika tena kwenye kundi. Naweka hapa kwa ambao Januari yenu itafanana na yetu:

"Ndugu zangu, baba yupo na hatujui mpaka lini. Asanteni kwa zamu. Kuanzia wiki hii tunahitaji mtu wa usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, mwanaume, wa kugeuza na kuogesha. Tumempata, aliwahi kumuuguza babu yake, nesi mmoja amekubali kuja kumwelekeza. Kaka wa Dar ndiye atakayemlipa. Dada wa Arusha anakuja Februari wiki mbili, iwe kuna msiba au hakuna. Wa Kahama, pampasi na sabuni. Wa Nansio, mihogo na samaki, na video ya shamba kila Jumapili kwa sababu anaidai. Mkipiga simu msiulize 'hali ya mzee', mpigieni yeye mwenyewe saa 5 asubuhi, anaongea."

---

Kijana wa Mwaloni
4 Januari, saa 3:50 usiku

Imenyooka. Wamejibu?

---

Mkamwana wa Buhongwa
4 Januari, saa 4:25 usiku

Watatu wameweka dole gumba. Shemeji wa Dar ameshatuma ya mwezi huu, na ya kutolea. Wa Kahama ameuliza kama huyo mtu wa usiku anakula chakula cha nyumbani au anajitegemea. Nimemjibu anakula.